Wataongeza Muda

Fomu ilikuwa na kurasa arobaini na moja, na Yusta Mbilinyi alikuwa ameshajaza arobaini. Ukurasa uliobaki ulikuwa na jedwali moja tu, la majina. Alishaandika majina kumi na sita, kila moja na kijiji chake na namba ya nyumba. Mstari wa kumi na saba ulikuwa mtupu, siku ya nne sasa. Kila asubuhi anafungua kishkwambi, anautazama, anakifunga, anakwenda kusoma taarifa ya habari.

"Habari za asubuhi, ndugu mwombaji," kishkwambi kilisema, kwa sauti ya mtu mzima aliyelala vizuri na kupata chai. "Fomu Namba Tisa, Tamko la Wategemezi wa Masafa, bado haijawasilishwa. Zimebaki siku mbili."

"Nimekusikia, baba," alijibu Yusta.

Gaitani Ngogo, fundi mitambo wa kituo, alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Unamwita baba! Huyo ni Karani, dada. Hana hata kiti cha kukalia."

Ni kweli, Karani hakuwa mtu. Alikuwa mashine ya Mamlaka ya Masafa, na tangu aanze kazi hakuna ofisi ya masafa nchini iliyokuwa na binadamu wa kupokea fomu. Lakini alikuwa anaanza na salamu, na watu wa Lyandimbo hawajui kumnyima adabu anayeanza na salamu.

"Siku mbili," Yusta alisema.

"Na wewe unaziamini?" Gaitani akarudi kwenye nyaya zake. "Vitambulisho vipya walisema mwisho Machi, tukajiandikisha Novemba. Mifugo walisema isajiliwe kabla ya Pasaka, mpaka leo ng'ombe wa mjomba hana namba na anakamuliwa. Wataongeza muda. Lini umeona mlango wa serikali umefungwa siku iliyotangazwa?"

Yusta alitabasamu. Alihitaji sana maneno hayo yawe kweli, na mtu akishahitaji neno liwe kweli, haliulizi maswali.

Redio Ukungu ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, mnara mmoja, na jiko la mkaa chini ya meza ya mtangazaji, kwa sababu Lyandimbo iko juu kwenye uwanda wa baridi ambako watu huvaa sweta hata harusini. Kwa miaka thelathini na miwili kituo kilikaa kwenye masafa yaleyale. Sasa masafa hayo, pamoja na ya redio zote ndogo za ukanda ule, yalikuwa yanachukuliwa na kupewa mbayuwayu.

Si ndege. Ni vyombo vya kuruka, vidogo, vyepesi kuliko bahasha, elfu themanini kwa mkoa mmoja, na kazi yao ni kuchunga mawingu: kuyazuia yasipite, kuyabana, kuyashusha. Ili visigongane vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe muda wote, na wataalamu waligundua kwamba masafa ya redio za zamani ndiyo yanayopenya ukungu na kuzunguka milima vizuri. Mwaka ule ulikuwa wa sita mawingu yanapita juu ya Lyandimbo bila kutua. Viazi vilitoka ardhini vikiwa gololi. Nani angesema masafa yasitolewe? Hata Yusta mwenye redio alipiga makofi kwenye mkutano wa hadhara, tena kwa nguvu.

Redio itakayowasilisha fomu zake zote ingehamishiwa masafa mapya. Isiyowasilisha ingezimwa. Na fomu ngumu kuliko zote ilikuwa hii ya tisa, ya wategemezi.

Wategemezi walikuwa watu wenye kumbusho. Zamani, ugonjwa wa usahaulifu ulipoanza kuwakumba watu wangali na nguvu zao, hospitali zilikuwa zinapandikiza nyuma ya sikio kifaa kidogo kama punje ya ulezi. Kifaa hicho kilikuwa kinamshikia mtu vitu vyake: jina lake, la mkewe, njia ya kurudi nyumbani, nani alizaliwa lini. Hakikuwa na betri. Kiliishi kwa kunyonya wimbi la redio iliyo karibu, na watengenezaji hawakufikiri ipo siku redio zingehama. Wimbi likikatika kinavumilia siku tatu. Baada ya hapo kinaamini mwenye nacho amefariki, na ili siri za marehemu zisichimbuliwe, kinafuta kila kitu.

Kwa walioandikwa kwenye fomu, mafundi wa Mamlaka wangepita nyumba kwa nyumba kabla ya siku ya kuhama na kukirekebisha kifaa kifuate masafa mapya. Dakika kumi, hakuna maumivu. Lakini jina likiandikwa lilikwenda pia kwenye Daftari la Wasimamiwa, na aliyemo kwenye Daftari hatii sahihi tena maishani mwake. Shamba lake, kura yake, hata barua yake ya posta, vyote vinasainiwa na msimamizi wa wilaya. Palikuwa na njia moja tu ya kulikwepa, nyuma kabisa kwenye viambatisho: mume au mke akitia sahihi pembeni ya jina, kwamba anajua na atamtunza mwenzake, jina haliendi kwenye Daftari.

Mstari wa kumi na saba ulikuwa wa Mwalimu Obadia Tweve.

* * *

Alikuja siku hiyohiyo mchana, anatembea na mwavuli ambao kwa miaka sita ulikuwa fimbo tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Na baridi hii hamjambo?"

"Tumeshaizoea. Karibu usogee hapa kwenye jiko."

Hakusogea. Alisubiri Gaitani atoke kwenda kukagua mnara, ndipo akasema, "Umeniandika?"

"Bado."

"Basi usiniandike."

Huyu ndiye aliyemfundisha Yusta kusoma. Ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya Redio Ukungu, na ndiye mwenyekiti wa baraza la ardhi, mzee ambaye watu wakigombea mpaka wa shamba wanamtafuta yeye kwanza kabla hawajashikana mashati. Siri yake Yusta aliijua tangu miaka kumi na moja nyuma, radi ilipopiga mnara na kituo kikanyamaza siku mbili. Siku ya pili Mwalimu alipanda kilima bila kofia, mkononi ameshika kijikaratasi alichojiandikia mwenyewe: *Mlango wa buluu. Edina.* Alimsimulia yote, punje nyuma ya sikio aliyoificha hata kwa mkewe. Tangu hapo Redio Ukungu haikuzimika zaidi ya saa chache. Mara moja Yusta aliazima betri za trekta la kanisa, na Gaitani akadhani dada yake wa kazini amepungukiwa akili.

"Mwalimu, usipoandikwa mafundi hawaji kwako. Tukihama, una siku tatu."

"Hesabu naijua. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Basi mkeo, Mama Zakaria, atie sahihi. Dakika moja tu. Daftari halitakuhusu, na hakuna atakayejua."

"Yeye atajua." Mwalimu aliugonga mwavuli sakafuni taratibu. "Nilimwambia nakwenda semina Mbeya. Siku nne. Nikarudi na kitenge. Mwaka wa kumi na tisa huu ananiita kichwa cha Lyandimbo. Watoto wakisahau kitu anawaambia, mwigeni baba yenu. Leo nimwambie nini? Kwamba kila asubuhi nikimwita Edina, ni punje imeninong'oneza?"

"Atakuelewa."

"Siwezi kumwambia. Na nikiandikwa bila sahihi yake, baraza je? Nimeamua kesi zaidi ya mia mbili. Jina langu likionekana kwenye Daftari, kila aliyeshindwa atasema aliamuliwa na mzee asiyejijua. Watachimbua mipaka yote upya. Watauana, Yusta."

Alikuwa na haki, hilo ndilo lililokuwa baya. Yusta alizoea kubishana na watu wenye makosa.

"Mwalimu, usinifanyie hivi, nakuomba."

"Niahidi."

Yusta aliutazama mkaa. Alimwona Mwalimu wa miaka kumi na moja nyuma na kijikaratasi chake, akamwona na huyu wa leo, shati limenyooshwa, mgongo umenyooka, anaomba kitu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Akaahidi. Hapo ndipo alipokosea mara ya kwanza, na yeye mwenyewe husema hivyo, hamsingizii mtu.

Mwalimu alishusha pumzi. Kisha akatoa mfukoni kadi ya salamu. "Na hii ni ya Jumamosi."

Kadi za Jumamosi zilikuwa kipindi kikongwe kuliko vyote pale. Mtu ananunua kadi dukani, anaandika jina lake na majina ya anaowasalimu, na mtangazaji anazisoma moja moja kuanzia saa nne mpaka saa sita mchana. Kwingine watu walishaacha, Lyandimbo hawakuacha. Mwalimu alileta yake kila wiki, na mtu wa kwanza kusalimiwa alikuwa yuleyule: mkewe Edina, aliyeko jikoni, hatua sita kutoka alipokaa yeye na redio yake. Wilaya nzima ilimtania kwa hilo.

Alipoondoka, Yusta alipanga mambo kichwani. Wataongeza muda. Katika huo muda atambembeleza pole pole, akikataa atampeleka mwenyewe Mbeya kwa fundi asiyeuliza maswali. Miezi mitatu ingetosha. Hata miwili.

* * *

Ijumaa saa tisa alasiri alikuwa bado hajawasilisha, na muda ulikuwa haujaongezwa.

"Fomu isiyo kamili itahesabiwa kuwa haikuwasilishwa," Karani alikumbusha. "Marekebisho ya majina yanaruhusiwa hadi siku ya kuhama, Jumatano ijayo, saa sita mchana."

Hilo la marekebisho Yusta alilidaka kwa mikono miwili. Kama hawakuongeza muda wa fomu, basi wataongeza wa kuhama. Kuhamisha redio zote za wilaya kwa siku moja, nani aliwahi kuliona hilo? Akaufuta mstari wa kumi na saba ili jedwali liishie kwenye kumi na sita.

"Je, unathibitisha kwamba hakuna mtegemezi mwingine unayemfahamu?"

Alibonyeza *Nathibitisha*. Kidole hakikutetemeka. Baadaye jambo hilo lilimuuma kuliko mengine, kwamba hata kidole hakikuwa na habari.

Mafundi walifika Jumatatu na kumaliza Jumanne. Yusta alisimama mlangoni mwa studio akaiona gari yao nyeupe ikishuka, ikapita nyumba yenye mlango wa buluu bila kupunguza mwendo. Mama Zakaria alikuwa anaanika nguo. Aliwapungia mkono.

Jumanne hiyo jioni alimpigia Mwalimu, akamwomba tena. Mwalimu akasema, "Si ulisema wataongeza muda?"

"Ndiyo, Mwalimu, lakini..."

"Basi tusubiri."

Jumatano saa sita kamili mchana mshale wa mtambo ulianguka. Kamili, si saa sita na dakika moja. Gaitani aliupigapiga mtambo ubavuni, kisha akazungusha kitufe cha redio ya mezani mpaka juu kabisa, na huko muziki wao wa kufungulia ukasikika, safi, haujawahi kuwa safi namna ile.

"Wamehama kweli!" Alikuwa amefurahi na amestaajabu kwa pamoja. "Jamani, wamefunga siku waliyosema!"

"Hongera, ndugu mwombaji," alisema Karani. "Kituo chako kimehamishwa."

Yusta alikuwa ameshakishika kishkwambi kwa mikono yote miwili. "Karani, naomba muda uongezwe. Yupo mtu mmoja nilimsahau."

"Muda wa marekebisho umekwisha. Mamlaka hii haijawahi kuongeza muda."

"Haijawahi? Na vitambulisho? Na ng'ombe?"

"Kazi hizo zilikuwa chini ya ofisi za watu," Karani alieleza kwa upole. "Unaweza kuwasilisha ombi la dharura. Ombi la dharura linashughulikiwa ndani ya siku tano za kazi."

Tano. Gaitani alimwangalia dada yake akikaa chini sakafuni, na ndipo kwa mara ya kwanza akaambiwa betri za trekta zilikuwa za nini.

Saa kumi jioni mvua ikanyesha. Ilianza kwenye mabati matone mawili matatu, kisha ikamwagika yote. Watu walitoka nje na kusimama barabarani midomo wazi. Wanawake walipiga vigelegele. Kuna bibi mmoja alikaa kwenye tope la uwanja wa shule na kukataa kuinuliwa. Yusta alipita katikati yao akikimbilia nyumba ya mlango wa buluu, na kila aliyekutana naye alimkumbatia.

* * *

Mwalimu alikubali kwenda Mbeya, lakini si kumwambia mkewe. "Mwambie ni semina," alisema, na hata akacheka kidogo.

Alhamisi alfajiri waliondoka na gari la kituo, Gaitani kwenye usukani. Walifika mto Ikuva wakakuta malori kumi na mawili yamejipanga na madereva wamekaa kwenye mawe wakiangalia maji. Daraja halikuwapo. Miaka sita watu walivuka mto ule kwa miguu mikavu, hakuna aliyelikagua. Walisubiri mpaka saa nane, mvua haikatiki, ndipo wakageuza.

Ijumaa Gaitani alitengeneza kimtambo kidogo cha kurusha kwenye masafa ya zamani, cha kuenea chumba kimoja tu, akakiweka kitandani kwa Mwalimu. Hakikufaa. Kila kituo kina muhuri wake ndani ya wimbi, kumbusho hunyonya wimbi lenye muhuri huo peke yake, na muhuri wa Redio Ukungu Mamlaka ilikuwa imeshauhamisha. Gaitani alikirudisha kimtambo kwenye sanduku.

Jumamosi Yusta alimwachia Gaitani kipaza sauti na kadi zote, akashuka kwenye mvua. Ilikuwa saa tano. Mwalimu alikuwa ameketi barazani na redio yake, ameshaambiwa masafa mapya. Yusta alimpita akaenda jikoni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Mama Zakaria alikuwa anamenya viazi. Alimtazama juu mpaka chini, maji yanamchuruzika. "Saa ya kadi wewe uko hapa? Nani amekufa?"

Yusta alisema yote. Alisema akiwa amesimama, bila kupumzika: ugonjwa, punje, Mbeya, fomu, mstari alioufuta, daraja. Akasema na saa, kwamba imebaki saa moja. Mama Zakaria hakuacha kumenya mpaka kiazi kilipoisha mkononi.

"Semina ya walimu," alisema. "Mwezi wa likizo."

Yusta hakuelewa.

"Alirudi na plasta nyuma ya sikio, na kitenge kibaya sijawahi kukiona duniani. Nikakivaa. Mwanangu, mimi nililala na huyu mtu. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa ananiita mama yake. Unadhani sikujua alikwenda kufanya nini?"

"Ulijua?"

"Tangu kitenge. Nikanyamaza kwa sababu yeye alitaka ninyamaze, aonekane mbele yangu ni yuleyule. Kila asubuhi naamka mimi kwanza, nasema kwa sauti, 'Haya, Edina nimeamka.' Miaka kumi na tisa. Nasema hivyo ili hiyo punje ikichelewa, jina liwe limeshamfikia." Alifuta mikono kwenye kanga. Macho yake yalikuwa makavu na makali. "Ungeniletea hiyo karatasi ningeitia sahihi hata kwa mkaa. Ungekuja ukaniuliza tu, Yusta. Hata kwa kuzunguka. Mimi nilikuwa hapahapa."

Yusta alipiga magoti. Alikuwa ameilinda siri asiisikie mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa nayo tangu mwanzo. Alilia pale kwenye maganda ya viazi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili.

"Utalia baadaye," Mama Zakaria alimwambia. "Saa ngapi sasa?"

"Tano na robo."

Akatoka barazani, akakaa kwenye benchi karibu na mumewe, akapunguza redio. Yusta alibaki kizingitini.

"Baba Zakaria. Najua habari ya sikio lako."

Mwalimu aligeuka kumtazama. "Tangu lini?"

"Tangu kitenge."

"Kile kibaya?"

"Kumbe ulijua ni kibaya!"

Walicheka wote wawili, halafu Mwalimu akafunika uso kwa viganja. "Nimejificha miaka yote hiyo kwa mtu anayeniona," alisema. "Mimi ni mjinga, Edina. Nimemfunga na huyu mtoto kwa ahadi, na ukipata nafasi usimlaumu sana."

"Nitamlaumu kidogo," mkewe alisema, akamshika mkono.

Walikuwa na dakika arobaini. Hawakusema makubwa. Mwalimu alimwambia mkewe ufunguo wa sanduku la hati uko wapi, na kesi ya mpaka wa kina Mahenge iliishia kwenye mti gani. Alimtajia watoto wote sita kwa tarehe zao za kuzaliwa, na mkewe akamsahihisha moja. Kisha wakasikiliza kadi. Gaitani alikuwa anasoma vibaya, anarukaruka, na kwa mara ya kwanza kwenye historia ya kituo hakuna aliyepiga simu kumzomea.

Saa sita ilipogonga Mwalimu aligusa nyuma ya sikio, kana kwamba ameumwa na mbu. Hakuna kingine kilichoonekana.

"Kadi yetu ya mwisho leo," alisema Gaitani redioni, na sauti yake haikuwa sawa, "iliandikwa kabla ya mvua, na inatoka kwa Mwalimu Obadia Tweve wa hapa Lyandimbo. Anamsalimu mke wake mpenzi Edina, aliyeko jikoni, hatua sita kutoka alipokaa yeye. Anamwambia hivi: chakula cha jana kilikuwa kitamu, na cha leo asiweke chumvi nyingi. Anawasalimu pia wanawe sita na wanakijiji wote, na anasema mvua iko njiani."

Mzee aliisikiliza mpaka mwisho, kwa makini, kichwa amekiinamisha. Kisha akamgeukia mwanamke aliyemshika mkono, kwa adabu, kama mtu anavyomgeukia msafiri mwenzake.

"Huyo Mwalimu ni nani?" aliuliza. "Anampenda sana mkewe."

"Ni mtu wa hapahapa," alisema Edina.

* * *

Jumatatu asubuhi Karani alileta fomu ya mwisho, Namba Kumi na Moja, Taarifa ya Kukamilisha Uhamisho. Ilikuwa ukurasa mmoja. Swali la tatu lilisema: *Idadi ya wategemezi walioachwa bila huduma.*

"Ukijaza namba zaidi ya sifuri," Karani alifafanua, "leseni ya kituo itasitishwa kwa tamko lisilo la kweli, na uhamisho wa wilaya zinazofuata utasimama hadi kila nyumba ikaguliwe."

"Jaza sifuri," Gaitani alisema. Alikuwa amekaa juu ya kasha la vifaa, ameegemea ukuta. "Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekataa. Halafu tukizimwa, kadi atasoma nani? Na hizo wilaya nyingine, dada, huko nako viazi ni gololi. Unawazuilia mvua?"

Yote aliyosema yalikuwa ya kweli. Yusta alitazama nje. Mashamba yalikuwa meusi kwa maji, na barabarani alikuwa anapita Mwalimu na mkewe, wanatembea pole pole. Mkewe amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Mwalimu ameushika mwavuli wake umefungwa, anautumia kama fimbo, analowa, na mkewe hamwambii aufungue. Labda alishamwambia.

Alifikiria studio nyingine, vyumba vya matofali kama hiki, na mtu mwingine mbele ya jedwali, na mstari mmoja mtupu, na fundi wa pembeni anayecheka na kusema wataongeza muda. Wilaya zilizobaki zilikuwa tisa. Hakuna redio ndogo isiyo na Mwalimu wake.

Akaandika moja. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika jina kamili, na kijiji, na rangi ya mlango. Na chini yake: *Nilimfahamu.*

Akabonyeza *Wasilisha*.

"Ndugu mwombaji," alisema Karani, "taarifa yako ina madhara makubwa kwa leseni. Tangu wiki hii utaratibu umebadilishwa. Kwa taarifa za namna hii mwombaji anaruhusiwa siku kumi na nne za kufikiri. Ungependa kuongezewa muda?"

Gaitani aliinua kichwa, akamwangalia Yusta, akakiinamisha tena.

"Hapana, baba," Yusta alisema. "Pokea sasa hivi."

"Imepokelewa, saa nne na dakika kumi asubuhi. Ahsante, ndugu mwombaji, kwa kuwasilisha kwa wakati."